Kuhusu Simba wa Uzioni

Mwanangu,

Kamwene. Barua yako tumeipata, na kama kawaida mama yako aliifungua kabla yangu. Unauliza iwapo simba aliyefugwa ndani ya uzio kule Afrika Kusini, kisha akapigwa risasi na mgeni aliyemlipia, amewindwa au amechinjwa tu. Wewe umeuliza habari ya uzio, lakini mimi tangu siku ile ninafikiria gari.

Uwindaji uliofungwa hapa Tanzania mwaka 1973 ulipofunguliwa tena mwaka 1978, nilikuwa miongoni mwa vijana wa Idodi walioajiriwa kufuata nyayo katika pori la akiba la Rungwa. Msimu mmoja mgeni wetu alitaka palahala dume, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda, na kwa siku tatu tulimfuata mmoja ambaye kwato yake ya mbele ilikuwa imemeguka, tukitoka kambini kabla ya alfajiri, huku mbung'o wakitutafuna, na kila tulipomkaribia upepo uligeuka naye akaondoka. Nilimpenda yule mnyama, usinicheke. Jioni ya siku ya tatu, tukirudi kambini, tulimkuta kando ya barabara akiitazama gari bila wasiwasi. Sheria ya mwaka 1974 ilikataza kupiga mnyama kutoka garini, na sote tulijua. Bosi hakuzima hata injini, alinigeukia akauliza, "Ndiye?" Nikatazama kwato, nikasema, "Ndiye."

Bakshishi ya siku ile ndiyo iliyonunua mabati ya nyumba uliyozaliwa.

Nimekwambia mara nyingi, na nitarudia: mnyama lazima aachiwe njia ya kutokea. Hata hivyo, babu yako alitega waya, nasi tulikula swala wake bila kuuliza aliachiwa njia gani. Utasema ile ilikuwa njaa. Ni kweli. Lakini chui huwekewa chambo mtini kwa ruhusa ya sheria, na mwindaji humsubiri kibandani, na hapo hakuna njaa ya mtu yeyote; mimi mwenyewe nimefunga mapaja mengi ya kongoni kwenye matawi. Nilijiambia kwamba chui anaweza asije, na kweli jioni nyingi hakuja. Labda tofauti yote iko hapo, labda ni kisingizio changu.

Siku hizi kwenye vitalu vyetu vya uwindaji simba anayepigwa anatakiwa awe dume la miaka sita au zaidi, hivyo vijana hukaa na darubini wakisoma umri kwenye pua na manyoya ya shingo, wakibishana, na mara nyingi humwacha aende kwa sababu hawana hakika. Uzioni tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwenye daftari. Hakuna wa kubishana naye.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba huko ni kuchinja. Mama yako amenikataza, anasema mchinjaji hulisha watu, nisimtukane. Nimelifuta neno hilo, na kwa hiyo sijakujibu.

Baba yako