Taa za LED kwenye injini za roketi ya mfano: niliyojifunza nikiunda yangu hapa Tanga

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umesema umeunga taa tatu za buluu na mbili nyekundu nyuma ya chombo chako cha anga cha mfano, zote kwenye rezista moja (kile kipande kidogo kinachopunguza umeme) kutoka chaja ya simu. Nyekundu zinawaka, buluu kimya. Tena ukizima taa ya chumba, mwili mzima wa chombo unang'aa mpaka mbavuni. Yote mawili yalinipata nilipokuwa naunda Saturn V, ile roketi iliyopeleka watu mwezini, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Taa zako za buluu ni nzima, usizitupe. LED nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, lakini ya buluu, sawa na nyeupe, inataka karibu volti 3 ndiyo iwake vizuri. Ukiziunga sambamba nyuma ya rezista moja, nyekundu zinapitisha umeme mapema, volti inakwama kwenye 2, na buluu hazipati kitu. Mpe kila mmoja rezista yake. Chaja ni volti 5, buluu inachukua 3.2, inabaki 1.8, gawa kwa 0.015, yaani mkondo wa miliampea 15, unapata rezista ya omu 120. Nyekundu inabakiza volti 3, hesabu inatoa omu 200, dukani chukua 220. LED nyingi za milimita 5 zinahimili miliampea 20, ila kwa chombo cha kukaa mezani hata 15 ni mwanga mwingi. Mguu mrefu ni chanya. Na usitegemee pawabenki: taa tano zinakula kama miliampea 75 tu, na pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo namna hiyo zinajizima.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi, ambalo hukuliuliza. Kabla ya kuchagua rangi ya taa, jiulize chombo chako kinachoma nini.

Saturn V yangu niliichonga kwenye bomba la maji machafu la inchi 4. Bomba lile lina upana wa milimita 110, na hatua ya kwanza ya roketi yenyewe ina upana wa takriban mita 10, kwa hiyo roketi nzima ya mita 110 inakuja kama mita 1.2. Madomo matano ya injini za F-1, zile za hatua ya kwanza, nilikata kwenye shingo za chupa za maji, pale chupa inapoanza kutanuka, mpaka mdomo ufike sentimita 4. Mara ya kwanza niliweka taa za buluu kwa sababu zilinivutia dukani. Mjomba wangu, aliyekua akisoma kwa koroboi, aliponiuliza ile roketi inatumia mafuta gani, nikamwambia ni mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni ya kimiminika. Akasema, "Basi mbona moto wake si wa mafuta ya taa?" Alikuwa na haki. Moto wa koroboi ni wa njano kwa sababu ya chembe za masizi zinazowaka ndani yake, na moto wa F-1 una masizi vivyo hivyo, ni njano ya kuelekea chungwa. Nilizing'oa buluu zote.

Injini kuu za Space Shuttle, chombo cha Marekani chenye mabawa kama ndege, zilichoma hidrojeni, moto wake umepauka, una ubuluu hafifu, na mchana karibu usiuone. Ila yale maroketi mawili ya pembeni ya mafuta magumu yalitoa moto mkali wa njano nyeupe. Ukiunda Shuttle ukaipa rangi moja kote, umeikosea. Buluu iliyokolea iache kwa injini za ayoni, zinazosukuma kwa umeme badala ya kuchoma mafuta na zinazotumia gesi ya zenoni, kama za chombo cha Dawn kilichorushwa mwaka 2007 kwenda Vesta na Ceres. Kama chombo chako ni cha kubuni, uhuru ni wako, lakini amua kwanza kinakula nini. Nyekundu na buluu kwenye injini moja zitakupa zambarau, na mimi sijui mafuta yanayotoa moto huo.

Jambo la pili ni kuficha taa yenyewe. Ukichungulia domoni ukaona kichwa cha LED, umeona tochi. Mimi nakisugua kichwa kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu, kisha naigeuza taa itazame ndani, kwenye kipande cha foili, mwanga urudi nje baada ya kugonga. Mbele yake naweka kipande cha plastiki nyeupe ya kopo la mtindi. Pale pale chini ya domo la F-1 ya kweli moto huonekana mweusi kidogo kabla ya kung'aa, kwa sababu gesi iliyotoka kwenye turbini ya kuendesha pampu za mafuta, ambayo haina joto kali hivyo, ilimiminwa kando ya ukuta wa domo ili kuupoza. Nilipaka masizi ukingoni mwa ndani, na hapo ndipo roketi yangu ilipoanza kufanana na picha za mwaka 1969.

Mwanga unaotoboa mwili unazibwa kwa rangi nyeusi ndani, mikono miwili, ikikauka ndipo upake fedha au nyeupe juu yake. 

Mishumaa ya betri inayouzwa na mapambo ya sherehe ina LED inayocheza yenyewe. Weka moja tu katikati, nyingine zitulie, maana moto wa roketi hauyumbi kama wa mshumaa.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani, ambayo kwako ni ile ile. Roketi ya kwanza niliifunga yote kwa gundi. Baada ya masika mmoja injini mbili zikazima. Nilipoipasua nikakuta maungio yamefanya kutu ya kijani, kwa sababu nililehemu kwa dawa yenye asidi, ile ya mabati. Fundi redio mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, akanifundisha kutumia dawa ya utomvu, kusafisha kila ungio kwa spiriti, na kulifunika kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Sasa kitako cha injini nakifunga kwa skrubu mbili. Supa gluu usiitumie karibu na plastiki angavu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka.

Anza na taa tano mezani, nje ya chombo, ziwake siku nzima. Ikitokea moja ikafifia, ibadilishe kabla hujafunga, kisha tuambie umechagua mafuta gani.