Kabla ya Kwenda Efeso: Ushauri kwa Anayepanga Kuzuru Uturuki ya Kale

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu ziara ya Uturuki huja na ratiba iliyokwisha kupangwa na wakala, ambayo katika juma moja inawapitisha Istanbul, Kapadokia, Pamukkale, Efeso na makanisa yote saba ya Kitabu cha Ufunuo. Nikishaisoma, huwashauri wafute nusu yake. Ni kweli kwamba makanisa yote saba yamo magharibi mwa nchi, lakini Smirna ndiyo Izmir ya leo, jiji kubwa lililojengwa juu ya mji wa kale. Thiatira imebaki magofu machache katikati ya mji wa Akhisar. Na Filadelfia ni nguzo nene za kanisa la enzi ya Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki) zilizozungukwa na nyumba za watu mjini Alaşehir. Kukaa ndani ya basi kutwa nzima ili kusimama robo saa mbele ya kila kimoja kunamfaa mtu anayetaka kutimiza hesabu ya saba. Anayetaka kuelewa alichokisoma katika Maandiko namshauri achague Efeso, Laodikia na, muda ukiruhusu, Sardi.

Efeso ipewe muda kuliko mahali pengine popote. Lala Selçuk, mji mdogo ulio karibu na magofu, unaofikika kwa treni kutoka Izmir, kisha uwe kwenye lango la juu asubuhi linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya abiria wa meli za kitalii kuwasili kutoka bandari ya Kuşadası. Magari madogo ya abiria, yanayoitwa dolmuş na yanayofanya kazi ya daladala au matatu, hukushusha upande wa lango la chini. Kwa hiyo kodi teksi hadi lango la juu ili uteremke badala ya kupanda. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa maana marumaru ya barabara hizo imesuguliwa na nyayo kwa karne nyingi na huteleza hata ikiwa kavu. Kati ya Juni na Agosti jua ni kali na kivuli ni haba. Aprili, Mei na Oktoba ni miezi ya afadhali.

Makundi mengi husimama sana mbele ya Maktaba ya Celsus kwa ajili ya picha, kisha hupita upesi katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, ambao uliweza kuchukua watu wapatao 25,000. Mimi ningefanya kinyume. Panda hadi safu za juu, keti, na usome Matendo ya Mitume sura ya 19, pale Demetrio mfua fedha alipowachochea mafundi wenzake dhidi ya Paulo na umati ukapaza sauti kwa muda wa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso, mungu wao wa kike, ni mkuu. Ukitazama mbele utaona barabara pana iliyonyooka kuelekea bandarini, ila bandari yenyewe haipo, kwa sababu mto ulijaza tope mwaka baada ya mwaka hadi bahari ikasogea kilomita kadhaa, na biashara ya mji ikafa. Karibu na lango la chini yamo magofu ya Kanisa la Maria, linalohusishwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 431, ambayo wageni wengi huyaruka kwa kuwa dereva anawaharakisha waende kwenye duka la ngozi. (Kituo hicho cha duka mara nyingi kimo ndani ya ratiba hata kama hakikuandikwa, uliza kabla ya kulipa.)

Jioni ni ya Selçuk yenyewe. Hapo, katika eneo moja dogo, kuna nguzo moja iliyosimamishwa upya ya hekalu la Artemi, Msikiti wa Isa Bey wa mwaka 1375, na juu ya kilima magofu ya kanisa ambalo Kaisari Justiniano alilijenga mahali panapoaminika kuwa kaburi la Yohana. Nyumba ya Bibi Maryamu iko mlimani, na Wakristo na Waislamu huizuru pamoja. Kanisa Katoliki halijatoa tamko kwamba ndimo alimoishi, ingawa mapapa kadhaa wamefika; kwa hiyo nenda kwa ajili ya sala, si kwa kutafuta ushahidi.

Laodikia iko njiani kati ya Denizli na Pamukkale. Tafuta mabomba ya udongo yaliyozibwa na chokaa ya maji, kisha urudie Ufunuo 3:16 kuhusu uvuguvugu wa kanisa la mji huo.

Istanbul inahitaji adabu ya aina nyingine, kwa maana hapo unaingia katika nyumba za ibada zinazotumika. Hagia Sophia, kanisa kuu la zamani lililokamilika mwaka 537, ni msikiti tena tangu 2020. Anayekwenda kuswali huingia ukumbi wa chini bila malipo, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 na kupanda roshani ya juu, kwenye michoro ya vigae ya Wabizanti. Wanawake wachukue mtandio. Siku ya Ijumaa watalii husubiri hadi swala imalizike, nao msikiti wa Eyüp, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayub al-Ansari, hufurika watu. Anayetaka kusoma dua yake kwa utulivu aende asubuhi ya siku nyingine.