Dawa za "silini" na za "maisini": je, ni ndugu?

Swali: Shikamoo dokta. Niko Masasi. Mwanangu alipokunywa ampisilini mwaka jana alitoka vipele mwili mzima, midomo ikavimba. Juzi kaandikiwa erithromaisini. Jirani ananiambia "silini" na "maisini" ni jamii moja, nisimpe. Halafu jina lenyewe kila mtu analitamka kivyake. Lina maana gani?

Jibu: Marahaba mama. Hizo ni jamii mbili tofauti kabisa, na mara nyingi erithromaisini ndiyo anayoandikiwa mtu aliyekataliwa na penisilini. Hakikisha tu kwamba aliyemwandikia anajua yaliyompata mwaka jana.

"Silini" ndiyo ukoo wa kweli. Imetoka kwenye penisilini, dawa aliyoigundua Alexander Fleming kule London mwaka 1928. Jina lina asili ya Kilatini, neno lenye maana ya brashi ndogo, kwa kuwa kuvu anayetoa dawa hiyo akitazamwa kwa hadubini anaonekana kama brashi. Ampisilini, amoksilini na kloksasilini zina kiini kilekile ndani yake. Kwa hiyo mwanao akae mbali nazo zote, si ampisilini peke yake, mpaka daktari aseme vingine.

"Maisini" imetokana na neno la Kigiriki la kuvu. Wewe wa Masasi kuvu unamjua, ndiye analeta ubwiriunga kwenye mikorosho. Lakini wanaotoa dawa hizi si kuvu. Ni bakteria wa udongoni wanaoota kama nyuzi, wataalamu wa zamani wakawadhania kuvu, na jina likabaki. Streptomaisini, ya kifua kikuu, ilipatikana hivyo Marekani mwaka 1943. Erithromaisini ilitoka kwenye udongo wa Iloilo, Ufilipino, ambao Dkt. Abelardo Aguilar aliupeleka kampuni ya Eli Lilly mwaka 1949. "Erithro" ni nyekundu kwa Kigiriki.

Basi "maisini" inakuambia dawa ilikotoka, haikuambii ukoo wake. Ni kama watu wa Newala: wametoka sehemu moja, si lazima wawe tumbo moja. Jentamaisini, ile ya sindano na ya matone ya macho, hata herufi zake ni tofauti: kwenye boksi utaona micin kwa i, si mycin kwa y, kwa sababu imetoka kwa bakteria wa kundi jingine.

Kutamka: e-ri-thro-mai-si-ni, "th" kama ya thelathini. Waingereza hukazia "mai". Sisi tukikazia "si", kama Kiswahili kinavyotaka, hatujakosea. Anayesema "eritromisini" pia namwelewa.

Kinachonitia hofu ni jina kukatwa. Hapa Mtwara mama mmoja aliniletea kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, vidonge viwili vimebaki, kwenye karatasi ya fedha zinasomeka herufi nne tu: YCIN. Alitaka "maisini kama hii". Zinazoishia hivyo ni nyingi, na hakuna mfamasia anayeweza kujua ni ipi. Ilibidi nimrudishe kwa aliyemwandikia.

Mama, leo chukua daftari la kliniki la mtoto, kwenye jalada andika kwa kalamu nyekundu: AMPISILINI, VIPELE NA KUVIMBA MIDOMO. Kila dirisha la dawa utakalofika, lionyeshe kwanza kabla ya cheti.