Jibu: Kikundi chetu kisicho cha dini kichangie vipi kupitia Kiva?
Umeuliza kama mnaweza kuchangia Kiva, tovuti ambapo watu huwakopesha wenye kipato kidogo kisha hurudishiwa, bila pesa zenu kupitia kwa wahubiri. Mnaweza, na timu ya wakopeshaji wasioamini Mungu ipo huko tangu 2008. Jiungeni nayo au mfungue yenu. Kosa la wengi ni kuishia kwenye picha ya mkopaji. Teremka chini ya ukurasa wake, fungua jina la taasisi inayomkopesha, usome malengo yake hadi mwisho, maana zipo zinazochanganya mikopo na mahubiri. Kiasi cha kawaida cha kukopesha ni dola 25. Kabla ya kulipa, angalia mchango wa hiari kwa Kiva yenyewe: unaweza kuupunguza hadi sifuri. Na tafadhali waambieni wanachama mapema: hawapati riba, na mkopaji akishindwa kulipa, hela imekwenda.