Magitaa mapya yanarudishwa dukani, nifunge?

Pole mkuu. Umesema una duka dogo la vyombo vya muziki Arusha, magitaa mapya ya bei nafuu yanarudishwa kwa sababu nyuzi zinakwaruza, na wengine wanajaribu kwako halafu wanaagiza mtandaoni. Nafanya biashara hiyohiyo Moshi. Usifunge kwanza. Hata Gibson, kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2018, kwa hiyo usijione umelogwa.

Gitaa la bei hiyo hutoka kiwandani likiwa limerekebishwa juu juu tu. Usilitundike kabla ya kulikagua. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo: ncha za freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo) zikikuchoma, ubao umekauka ukasinyaa, zipige tupa. Kisha pima nyuzi zilivyonyanyuka juu ya freti ya 12. Kwa gitaa la akustika, milimita 2 hadi 3 zinatosha. Zikizidi, sugua ule mfupa wa kwenye daraja (kipande kilichoshika nyuzi kifuani mwa gitaa) upande wa chini, kidogo kidogo. Ukipitiliza, nyuzi zitalialia na itabidi ununue mwingine. Nondo ya shingo, kile chuma cha ndani kinachoinyoosha, izungushe robo mzunguko tu, na ikigoma acha, mpe fundi. Shingo iliyojisokota rudisha kwa aliyekuuzia mzigo, usihangaike nayo.

Kwa bei, mtandao utakushinda. Uza ufundi. Hata aliyenunua kwingine mhudumie kwa malipo, bila kununa. Makanisa yana magitaa mengi mabovu, anzia huko.

Kama mzigo huo ni wa mkopo, muone mhasibu kabla hujaagiza mwingine.