Swali la lugha: Je, ni tezi "za" dundumio?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa shingo. Nimeandika "tezi ndogo za dundumio" (dundumio ni tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo). Mwenzangu anataka "tezi parathairoidi". Tena, nimesema mbili "huota juu" na mbili "huota chini". Nisahihishe.

JIBU: Ndugu msomaji, kinachoniogopesha ni hiyo "za". Tukisema "vidole vya mkono", vidole ni sehemu ya mkono. Mgonjwa akisoma maneno yako ataamini kwamba tezi dundumio ikitolewa, na hizi zimekwenda nayo. Sivyo. Ni tezi zinazojitegemea, kwa kawaida nne, kila moja kiasi cha punje ya mchele, rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, zimejibanza nyuma ya dundumio. Kazi yake ni kutunza kalsiamu ya damu. Mpasuaji huzitafuta kwa makini ili aziache, maana zikikosekana zote vidole hufa ganzi na misuli hukakamaa.

Ivar Sandström, mtafiti wa Uppsala nchini Uswidi, alipozieleza kwa binadamu mwaka 1880, aliziita kwa "para" ya Kigiriki, yaani kando ya. Basi andika "tezi za kando ya dundumio". Neno "parathairoidi" litaje pale mwanzoni, mgonjwa asishtuke akilisikia kwa daktari.

Sasa hilo la "huota". Hapa kitenzi kimekuponyoka, na kosa lenyewe ni zuri kulichunguza. Katika kiinitete, tezi za chini huchipuka kwenye kifuko cha tatu cha koo, na za juu kwenye cha nne. Cha tatu ndicho kilicho juu! Zile za kifuko cha tatu huteremka pamoja na thimasi (tezi ya kinga ya mwili iliyo kifuani), zikazipita zile za kifuko cha nne, na mara nyingine hupitiliza hadi kifuani. Kwa hiyo zimeota juu, zikakaa chini. Andika "hukaa", nawe utakuwa umesema kweli kwa neno moja.

Kuhusu tishu, "seli kuu" ndizo zinazotoa homoni. Usiandike "seli mkuu" kama nilivyoona kwingine, seli si mtu. Zile kubwa zinazoanza kuonekana karibu na balehe ziache "seli oksifili". Sijaona neno letu linalozifaa, na kubuni la haraka kutamchanganya mgonjwa.