Kwa mnaoanza kazi ya utetezi wa maslahi ya wananchi: someni daftari kabla ya kulitia sahihi

Wengi mnaojiunga nasi sasa mmetoka kwenye maandamano ya barabarani. Juni 2024 mliona mswada wa fedha wa Kenya, wenye kodi mlizozipinga, ukipitishwa Bungeni tarehe 25, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Wenzetu waliouawa siku zile hawatarudi, na msikubali mtu awaambie kwamba mlichofanya kilikuwa kidogo. Lakini Desemba mwaka uo huo ilitiwa sahihi sheria ya kurekebisha kodi, na ndani yake yalikuwamo baadhi ya mambo yale yale, ikiwemo kodi mpya kwa kampuni za nje zinazopata mapato hapa kupitia mtandao. Safari hiyo barabara zilikuwa kimya. Kamati ya Bunge ilipoita maoni, ni wangapi kati yetu tuliopeleka hata ukurasa mmoja?

Mimi niliyoyajua ya kazi hii nimeyapata zaidi kwa kufuatilia kesi ya Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, na serikali ilikuwa nyuma yake. Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikatoa leseni. Ng'ambo ya maji upo mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, na kuna wavuvi ambao bahari ile ndiyo shamba lao. Vikundi vya wavuvi, akina mama, vijana na wahifadhi walikuwa wameungana chini ya jina la Save Lamu. Sheria ya mazingira inampa anayepinga leseni siku 60 tu za kukata rufaa. Wakakata.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni ile. Sababu kubwa ndiyo ninayotaka muishike. Vikao na wananchi vilikuwa vimefanyika, tena vya kutosha kujaza kurasa, lakini vilifanyika kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika. Ripoti ilipokuwa tayari, watu hawakurudiwa ipasavyo ili waisome na kuijibu. Utatoaje maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa? Mradi wa mabilioni uliangukia hapo, kwenye tarehe za vikao. Mwaka uo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaugharamia, na 2020 benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Sauti za wavuvi ziliwafikia wenye fedha kwa sababu sasa zilikuwa na hukumu mkononi.

Ndiyo maana nawasumbua na daftari. Miaka yangu ya mwanzo nilihudhuria baraza moja chini ya mwembe, kuhusu mradi ambao sitautaja. Likapitishwa daftari lenye safu tatu: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Tukaambiwa ni la nauli. Watu wakatia sahihi, asiyejua kuandika akaweka kidole gumba, kila mmoja akapewa noti yake. Miezi kadhaa baadaye nikayaona majina yale yale kama kiambatisho cha ripoti, chini ya kichwa kilichosema wakazi wameunga mkono mradi. Nilimpelekea mzee mmoja ukurasa wake. Akautazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni sahihi yangu ya nauli." Sikuwa na la kumjibu, maana sisi hatukuwa na kumbukumbu yoyote ya kikao kile.

Tangu siku hiyo sihudhurii baraza bila daftari langu. Naandika saa ya kuanza, lugha iliyotumika, kama ripoti ilikuwapo mezani au la, maswali yaliyoulizwa na yale yaliyokosa jibu. Daftari lao likinifikia, napiga picha kichwa cha ukurasa kabla sijaandika jina. Kikiwa kitupu, naandika mwenyewe: "Nimehudhuria tu." Fanyeni hivyo hivyo, na wafundisheni wazee kufanya hivyo.

Jambo la pili nimejifunza kwa tuliopambana nao. Kenya ilijaribu kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2007 na tena 2011, na mara zote wenye viwanda walipinga, mambo yakaishia njiani. Marufuku ya 2017 nayo waliipeleka kortini, ila safari hii ilianza kutumika Agosti 28 kama ilivyopangwa. Wenye viwanda hawasubiri mswada ufike Bungeni. Wanafika wizarani rasimu ikiwa bado laini, wana hesabu za ajira, na wana maneno mbadala tayari. Sisi tunafika na kurasa tatu za malalamiko, na karani wa kamati hajui aziweke wapi. Andikeni hivi: kifungu fulani, futeni maneno haya, wekeni haya, sababu ni hii. Mbunge mwenye nia njema anaweza kuinua karatasi ya namna hiyo na kuisoma kama ilivyo. Hasira yenu iwekeni kwenye sababu, ina nafasi yake pale.

Kuhusu ugomvi wa ndani, nani azungumze na wanahabari, nani asafiri, utakuwepo. Umalizeni mapema, kwa kuandikiana.

Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa. Chukueni la wiki hii, mtafute matangazo ya ripoti za athari za mazingira, muangalie kama kuna lolote la kaunti yenu, na mhesabu siku zilizobaki za kutoa maoni. Kisha mpigieni simu chifu, mumuulize ripoti yenyewe inasomewa wapi.